Si lazima uende mbali ili mazingira ya asili yakutulize

Wengi hudhani ili upate utulivu wa asili lazima ufunge safari: msituni au mlimani, siku kadhaa bila simu. Si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watu karibu 20,000 nchini Uingereza, ulionyesha kuwa waliopata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili, hata bustani za umma mjini, walielekea zaidi kusema wana afya njema. Kuzipata kwa mkupuo au kidogokidogo hakukuleta tofauti. (Tusitie chumvi: huenda wenye afya ndio hutoka zaidi.) Basi mti wa karibu unatosha. Keti, tazama sisimizi wanavyopishana kwenye gome. Mawazo yakitangatanga, yaache. Hukuja kufanya mtihani.