Sukari hupungua ndani ya tyubu

Tafiti nyingi za kisukari huharibika asubuhi na mapema, kati ya mkono wa mshiriki na mashine ya maabara. Takwimu haziwezi kuokoa kilichopotea hapo.

Damu ikitoka mwilini, chembe zake huendelea kula glukozi, takriban asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na zaidi kukiwa na joto kama la Moshi mwezi wa Februari. Chukua mama mwenye sukari ya mfungo (iliyopimwa kabla ya kula) ya 7.2 mmol/L, wakati kisukari huanzia 7.0. Tyubu ikikaa mezani saa mbili, mashine itasoma karibu 6.4, naye ataandikwa kuwa hana kisukari.

Wengi huamini tyubu ya kifuniko cha kijivu, yenye dawa ya floraidi ya kulinda sukari, inamaliza tatizo. Haimalizi. Floraidi iliyomo huzuia kimeng'enya kilicho karibu na mwisho wa mnyororo wa kuvunja glukozi, hivyo hatua za mwanzo huendelea kuila kwa saa moja, mbili au zaidi. Geuza tyubu taratibu mara 8 hadi 10, izamishe papo hapo kwenye maji yenye barafu, izungushe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) ndani ya dakika 30, kisha tenga plazma, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe. Kwa kazi ya vijijini, Rombo au Same, beba sentrifuji ndogo na jenereta, au agiza tyubu zenye sitreti, ambayo huzuia tangu hatua za mwanzo. Bajeti ikibana, mimi hupunguza semina kabla sijagusa fedha ya barafu.

Mfungo ni saa 8 hadi 14. Usiulize "Umekula?", maana kwa wengi chai ya rangi yenye sukari si kula. Uliza: "Shikamoo mama, tangu jana usiku umeonja nini, hata chai?" Siku tatu kabla, mshiriki ale wanga kama kawaida, angalau gramu 150 kwa siku. Aliyejinyima ndizi na ugali kwa kuogopa kipimo anaweza kutoa jibu la juu lisilo la kweli.

Kipimo cha kunywa glukozi hutaka gramu 75 za glukozi kavu kabisa. Kama poda yako ni ile yenye maji ndani ya fuwele zake, pima gramu 82.5. Ichanganywe na mililita 250 hadi 300 za maji na inyweke ndani ya dakika 5. Dakika 120 huhesabiwa tangu funda la kwanza, na muda wote huo mtu akae, asitembee wala kuvuta sigara. Akitapika, kipimo kimekwisha. Apangiwe siku nyingine.

HbA1c, kipimo cha sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, inapendwa kwa kuwa haidai mfungo, ila inategemea uhai wa chembe nyekundu. Zikifa mapema, kwa selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu) au malaria, kipimo hushuka; upungufu wa madini ya chuma huweza kukipandisha. Kwa mikoa yetu naona ni lazima kila mshiriki apimwe pia himoglobini, na HbA1c ikigombana na sukari ya mfungo, sababu itafutwe kabla mtu hajapewa jina la ugonjwa.

Kifaa cha kupima sukari kwa damu ya kidole ni cha kuchuja watu tu. Hata hivyo vidole vioshwe kwa maji na sabuni, vikaushwe: spiriti peke yake haitoshi kuondoa sukari ya embe iliyoganda kidoleni.