Kesi yako si mpwa wa bosi, ni barua uliyopewa

Alikuja dada mmoja aliyekuwa mtunza stoo katika kiwanda hapa Dar es Salaam, amebeba bahasha nene. Ndani mlikuwa na picha za harusi, picha za msiba, na karatasi aliyochora ukoo wa meneja kwa kalamu nyekundu, ili nione kwamba kijana aliyechukua nafasi yake ni mtoto wa dada yake meneja. Kazi hiyo ilimchukua miezi miwili na nusu. Nikamwuliza barua ya kuachishwa iko wapi. Kaiacha nyumbani.

Kesi yake ilikuwa nzuri. Lakini siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) zilikuwa zimepita zamani, na yeye si wa kwanza. Nimewasindikiza wafanyakazi wengi pale CMA, na wengi mno hufika wakiwa na hadithi kamili ya ukoo wa bosi na hawana tarehe hata moja.

"Undugu kazini ni kosa. Nikiuthibitisha, nimeshinda."

Hapana. Fungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, usome orodha ya ubaguzi uliokatazwa: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu anakotoka, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ulemavu, VVU, umri na mengineyo. Kuwa au kutokuwa ndugu wa bosi hakumo. Mwenye kampuni binafsi akimwajiri mpwa wake, kwa hilo peke yake hajavunja sheria hiyo. Inauma, najua. Naona undugunaizesheni ikiwavunja moyo vijana wenye vyeti safi na nidhamu ya kazi, na siitetei hata kidogo. Ila Tume haiamui kwa uchungu wetu.

Sheria inakulinda wewe unayeondolewa. Kifungu cha 37 kinamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kifungu cha 39 kinamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki. Nasisitiza hili kila siku na bado watu hawaniamini: ukishaonyesha kwamba uliachishwa, mwajiri ndiye anayepaswa kujieleza. Huna haja ya kuchora ukoo wa mtu.

Turudi kwa yule dada. Barua yake ilisema nafasi imefutwa kwa kuwa kampuni inabana matumizi. Sawa, kampuni inaruhusiwa kupunguza wafanyakazi, lakini kifungu cha 38 kinaitaka itoe taarifa mapema, itoe maelezo ya kutosha, na ishauriane na wahusika au chama chao kuhusu sababu, njia za kuepuka kupunguza watu, namna ya kuchagua watakaoondoka, muda, na kiinua mgongo. Yeye hakuitwa hata kikao kimoja. Wiki moja baadaye kijana akakabidhiwa stoo ileile, funguo zilezile, daftari lilelile la kupokelea mizigo.

Hapo ndipo mpwa anapoingia kwenye kesi, na anaingia kwa sababu nafasi iliyodaiwa kufutwa ameikalia mtu. Angekuwa mgeni asiye na undugu na yeyote pale kiwandani, hoja ingebaki hiyohiyo. Karatasi moja ya kupokelea mzigo yenye saini ya kijana huyo na tarehe ina uzito kuliko albamu nzima ya harusi.

Na siku zinahesabika. Kanuni za usuluhishi na uamuzi za 2007 zinatoa siku 30 kwa mgogoro wa kuachishwa kazi, kuanzia siku ulipoachishwa au siku mwajiri alipofikia uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine, siku 60. "Subiri kidogo, HR anaongea na mkurugenzi" haisimamishi hesabu hiyo. Jaza fomu CMA F.1, mpe mwajiri nakala, hakikisha anasaini kuipokea, kisha peleka Tume pamoja na uthibitisho huo. Mazungumzo na HR yaendelee ukiwa umeshafungua shauri. Ukichelewa, utalazimika kuomba kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi, na kwamba ulikuwa unatafuta picha za msiba si sababu ninayoweza kusimama nayo mbele ya mwamuzi.

Kuna hali moja ambapo kujuana kunagusa kifungu cha 7 moja kwa moja: undugu unapopanuka ukawa kabila au mahali mtu anakotoka. Ofisi ikiwa inachukua watu wa wilaya moja tu, huku wengine wenye sifa wakirudishwa mlangoni, hilo lina jina kisheria. Hata mwombaji ambaye hajaajiriwa bado analindwa, kwa maana kifungu hicho kinamhesabu pamoja na mfanyakazi. Ukileta dalili za kutosha, mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba hakubagua. Tunza tangazo la kazi, barua ya kuitwa kwenye usaili na majibu uliyopewa.

"Sina mkataba wa maandishi, kwa hiyo sina haki."

Uongo mtupu. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi. Akishindwa kuyaleta shauri likifika mbele, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake.

"Nina miezi minne tu, lakini nitawashtaki kwa kuniachisha."

Hapa watu wanapewa matumaini hewa na washauri wa vijiweni. Ukiwa na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haukufikii. Ubaguzi bado umekatazwa dhidi yako, na mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako.

"Wamemleta shemeji yake awe mkuu wangu, naacha kazi kisha niwadai."

Usiandike barua hiyo. Sheria inakubali kwamba mtu anaweza kujiuzulu kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike, ikahesabika kuwa ameachishwa. Kuwekewa mkuu usiyempenda hakufikii hapo. Njoo uulize kabla ya kusaini chochote.

"Serikalini ni vimemo tu, hakuna pa kwenda."

Pa kwenda papo. Ibara ya 22 ya Katiba inampa kila raia fursa sawa ya kushika kazi katika mamlaka ya nchi. Kiongozi anayevunja taratibu za ajira kwa makusudi ili kumnufaisha mtu wake anaweza kuangukia kosa la matumizi mabaya ya madaraka, kifungu cha 31 cha sheria ya rushwa ya 2007, na hilo linapelekwa TAKUKURU. Ukiwa mtumishi wa umma mwenye mgogoro wa ajira, usikimbilie CMA. Tangu marekebisho ya 2016 unatakiwa kwanza umalize ngazi za rufaa ndani ya utumishi wa umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma.

Barua yoyote utakayokabidhiwa, hata ya onyo, andika "nimepokea", tarehe na saa, kisha saini. Kama hukubaliani nayo, andika hilo pia. Ipige picha hapohapo kabla hujatoka ofisini, umtumie mtu unayemwamini. Kisha hesabu siku zako kuanzia jioni hiyo.