Je, wajua kwa nini javel na aside ya choo vinakata watu pumzi?

Kule Birere, hapa Goma, kuna mama mmoja anaosha vyombo na choo kwa restora. Siku moja saa ya kufunga akaona WC imekuwa njano, akamwaga javel, ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe (wengine wanaita jiki), doa likagoma, akaongeza ile aside ya kutoa madoa, si dawa mbili zina nguvu kuliko moja? Dakika haikuisha. Macho yanatoka maji, koo kama amemeza pilipili, kikohozi hakikatiki, tulimukuta nje amekaa juu ya mawe ya volkano anatafuta hewa.

Sasa, javel ni maji yenye klore imefungiwa ndani. Klore hapa Goma hatuiogopi, wakati wa Ebola tulinawia kwa kila mlango, lakini ile ni kidogo na haijachokozwa. Ukiweka aside, hata ndimu, hata vinegre, kifungo kinavunjika na klore inatoka kama gazi ya kijani-manjano. Ni gazi ileile Wajerumani walifungulia wanajeshi kule Ypres, Ubelgiji, 22 Aprili 1915, na sisi tunaipika ndani ya kachoo hakana hata dirisha! Tena ina uzito karibu mara 2,5 ya hewa, haipandi, inalala chini, palepale mwenye kusugua amechuchumaa. Mkojo nao una vitu vya kutoa amonia, ikikutana na javel inazaa gazi ingine ya kuchoma.

Marekani pia iliwapata: 2019, restora moja ya Burlington, Massachusetts, aside na javel vilikutana sakafuni, meneja akajaribu kuvisukuma nje, akafa, wengine zaidi ya 10 wakaenda hospitali.

Na ule utelezi wa vidole ukishika javel bila glavu, unafikiri ni usafi? Ni mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni.

Yule mama walimupa maziwa, juu kwetu maziwa ni dawa ya kila sumu, lakini maziwa yanaenda tumboni na gazi iko kwenye mapafu. Kinachosaidia ni kutoka nje mbio, na dawa yenyewe ikiruka machoni, osha kwa maji safi dakika 15 mpaka 20. Halafu uende kwa daktari hata kama unasikia imepita, mapafu yanaweza kujaa maji masaa mengi baadaye.

Kesho yake alirudi kazini. Chupa mbili ziko bado kona moja, ya javel ni chupa ya maji ya kunywa, haina hata jina.