Walioanguka mwaka 250, na nani aliyeruhusiwa kuwaambia kuwa wamesamehewa

Kila mwaka ninapofundisha historia ya Kanisa la mwanzo, hakosi mwanafunzi wa kuuliza kwa nini mtu aliyetengwa na ushirika asimamishwe mbele ya usharika mzima ndipo arudishwe kundini, ilhali Mungu amekwisha kumsamehe tangu usiku ule alipotubu peke yake chumbani. Swali hilo si la jana wala juzi, na mimi hulijibu kwa kuwapeleka wanafunzi Misri ya mwaka 250.

Kaisari Decius, aliyetwaa utawala wa Roma mwaka 249, aliagiza wakazi wa dola watoe kafara kwa miungu mbele ya wajumbe wa mahali pao. Zaidi ya vyeti 40 vya zoezi hilo vimefukuliwa Misri, vimeandikwa kwenye mafunjo, vingi vikiwa vya Juni na Julai 250, na maneno yake yanafanana kama fomu za ofisini: mwombaji anajitaja jina, anasema kwamba siku zote amekuwa akiwatolea miungu sadaka, kwamba sasa mbele ya wajumbe amemimina kinywaji, ametoa kafara na kuionja, kisha anaomba athibitishiwe kwa maandishi. Kimojawapo ni cha Aurelia Ammonous, kuhani wa kike wa Petesouchos, mungu mamba. Hata yeye, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahudumia miungu hao, alitakiwa awe na karatasi.

Wakristo wengi walitii. Wapo walioitoa kafara yenyewe, na wapo waliotoa fedha wakapata cheti bila kugusa nyama wala ubani. Decius alipouawa vitani mwaka 251, watu hao, waliokwisha kuitwa “walioanguka”, walikuwa wakibisha hodi kwenye milango ya Kanisa.

Huko Roma, padri Novatian alikataa wasipokelewe, akajitenga na askofu Cornelius na kuwekwa askofu wa upande wake. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba alikana huruma ya Mungu, na hapo, kwa maoni yangu, anaonewa. Wafuasi wake walifundisha kwamba walioanguka wahimizwe kutubu maisha yao yote na kwamba Mungu aweza kuwasamehe. Walichokataa ni Kanisa kulitamka neno hilo la msamaha na kuwapa Ekaristi. Huruma ilibaki mbinguni, na hakuna mtu duniani aliyeruhusiwa kuileta hadi mlangoni kwa mwenye dhambi.

Cyprian, askofu wa Karthago, aliliona tatizo hilo kwa jicho la mchungaji. Alisema kumhimiza mtu atoe machozi ya toba huku ukimnyima matunda yake ni sawa na kumwambia mkulima alilime shamba lake kwa bidii na ustadi wote, ila asitegemee kuvuna chochote. Lakini hakuwa mtu wa kufungua mlango ovyo. Waungama imani, yaani Wakristo waliofungwa kwa kukataa kuikana imani yao, ambao heshima yao ilikuwa kubwa mno, walikuwa wakiwaandikia walioanguka barua za kuwaombea amani, yaani wapatanishwe na Kanisa, nyingine zikisema tu kwamba fulani apokewe “pamoja na watu wake”, na Cyprian akalalamika kwamba kwa barua ya namna hiyo wangeweza kujileta watu 20 au 30, wote wakidai ni jamaa au watumishi wa huyo fulani. Yeye alitaka kila mmoja asikilizwe peke yake. Aliyekimbilia kafara kabla hajaitwa si sawa na aliyeshindana na nafsi yake muda mrefu ndipo akashindwa. Na aliyewaburuta mke na watoto wake madhabahuni si sawa na aliyekwenda yeye mwenyewe ili nyumba yake iachwe salama. Ninaposoma orodha hiyo naona kwamba huruma, kwake, ilimdai askofu muda: akae chini na kusikiliza.

Simulizi ninayorudi kwayo zaidi, hata hivyo, inatoka Aleksandria, katika barua ya askofu Dionysius iliyohifadhiwa na Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa. Mzee aitwaye Serapion, aliyeishi vema siku nyingi, alikuwa ametoa kafara. Aliomba msamaha mara kwa mara na hakuna aliyemjali. Akaugua, akakaa siku tatu bila kusema wala kujitambua. Siku ya nne akapata nafuu kidogo, akamtuma mjukuu wake, mtoto wa binti yake, akamwite padri. Ulikuwa usiku, na padri naye alikuwa mgonjwa, hawezi kutoka. Lakini Dionysius alikuwa ameagiza kwamba wanaokaribia kufa, wakiomba, wasamehewe. Basi padri akampa mtoto kipande kidogo cha Ekaristi, akamwelekeza akiloweshe na kumdondoshea babu kinywani. Mtoto akafanya hivyo, mzee akameza, akakata roho. Wakubwa wa Kanisa walikuwa wakibishana kwa barua kutoka bahari hadi bahari, na usiku ule msamaha ulibebwa njiani na mtoto.

Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, uliwakuta walioanguka wengine, wa wakati wa mateso ya Kaisari Licinius. Kanuni ya 11 inasema kuhusu waliokana bila kulazimishwa kwamba, ingawa hawakustahili huruma, watendewe kwa huruma. Kisha inawapangia miaka 12 ya kurudi kwa hatua, 3 wakiwa wasikilizaji, 7 wakiwa wenye kusujudu, na 2 wakishiriki sala bila kupokea Ekaristi. Wanafunzi hucheka hapa, na siwalaumu. Kanuni ya 13 inashika njia ya Dionysius: anayekufa asinyimwe chakula cha safari, yaani Ekaristi ya mwisho. Akipona, anarudi miongoni mwa wanaoshiriki sala tu. Hakuna anayemwambia kwamba alichopewa kitandani kilikuwa bure, wala hakuna anayemwondolea sehemu ya njia iliyobaki.