Sista Ignatius na mitambo yake ya Jumamosi

Jumamosi, hapo Alpha, kituo na shule ya wavulana ya masista kwenye barabara ya South Camp mjini Kingston, Jamaika, spika zilitolewa, sanduku la santuri likafunguliwa, na aliyeshusha sindano juu ya santuri alikuwa mtawa mmoja mwembamba. Wavulana wa shule walipigiwa jazi ya Marekani, muziki wa Kuba, klasiki ya Ulaya, na katikati ya hayo yote huenda wakasikia hotuba ya Malcolm X, mtetezi wa haki za Weusi wa Marekani. Mitambo ile ilikuwa na jina lake, Mutt and Jeff. Ilianzia mtaani, ikichezesha watu dansi, mpaka mwaka 1964 Sista Mary Ignatius Davies alipoinunua kwa ajili ya watoto wake.

Mimi nafundisha tarumbeta na tromboni. Nina bendi ya vijana parokiani, huku Kanda ya Ziwa, na huu ni mwaka wa 18. Kila mwaka lazima mzazi mmoja anifuate baada ya misa. Tukishaamkiana anashusha sauti: "Mwalimu, hawa watoto wa kwaya mbona Jumamosi unawasikilizisha dansi? Si utawapoteza?" Nimejibu swali hilo mara nyingi nikiwa nimesimama juani, na kila nikijibu huishia kumtaja sista huyu. Leo nimekaa nimweleze vizuri.

Alizaliwa mwaka 1921 Innswood, katika jimbo la St Catherine. Alisoma kwa masista, na mwaka 1939, hajafika hata miaka 20, akaingia Shirika la Masista wa Huruma, lile lililoanzishwa na Catherine McAuley mjini Dublin mwaka 1831. Tumezoea kusikia nadhiri tatu za watawa: ufukara, useja na utii. Masista hawa wana ya nne, kuwahudumia maskini, wagonjwa na wasio na elimu. Ukitaka kuelewa kwa nini mtawa alikwenda kununua mitambo ya dansi, anzia kwenye nadhiri hiyo. Alpha walikuwepo watoto yatima, watoto ambao wazazi wao wameshindwa kuwalisha, na watoto waliopelekwa kwa utundu. Aliishi nao hadi alipofariki mwaka 2003, miaka 64 tangu aingie utawani.

Kituo chenyewe kilimtangulia kwa mbali. Kilianzishwa mwaka 1880 na mwanamke wa Kingston, Jessie Ripoll, kwa ajili ya wasichana yatima. Wavulana wakaja baadaye kidogo, na mwaka 1890 Masista wa Huruma wakafika kutoka Uingereza wakakichukua. Wavulana walifundishwa ushonaji, useremala, viatu, uchapaji na bustani. Muziki ulikuwa mmoja wa ufundi huo, na jambo hili naomba lisipite harakaharaka. Hapakuwa na habari ya kupitisha muda jioni. Mtoto aliwekwa kwenye bendi kama mwenzake alivyowekwa kwenye cherehani, ili siku akitoka getini awe na kitu cha kumpatia mkate. Mwanzo zilikuwa ngoma na filimbi, halafu mwanzoni mwa karne ya 20 zikapatikana ala za shaba, na bendi ya matarumbeta ikazaliwa. Sisi wa pwani na bara tuna historia yetu inayokaribiana na hiyo: bendi za misheni, kisha ngoma ya beni iliyotokana nazo na kuenea Lamu, Mombasa hadi bara. Shaba ikishaingia mahali, watu huigeuza yao.

Sasa niseme kitu ambacho wanaomsifu Sista Ignatius huwa wanakiruka. Kiongozi wa bendi hakuwa yeye. Kupuliza, kushika ala na kusoma nota wavulana walifundishwa na walimu wa bendi, watu kama Ruben Delgado, na baadaye Lennie Hibbert ambaye mwenyewe alilelewa palepale Alpha. Kuwanyima walimu hao heshima yao si haki. Ila Sista alikuwa na kazi mbili ambazo mwalimu wa bendi, akiwa na watoto wengi na ala chache, mara nyingi hazifikii. Kwanza, alimwona mtoto kabla mtoto hajajiona. Pili, aliyalisha masikio yao.

Hilo la masikio nilieleze kwa kutumia tromboni, maana ndiyo ala yangu na ndiyo iliyomtoa Don Drummond, mwanafunzi mashuhuri kuliko wote wa shule ile.

Tarumbeta ina vitufe vitatu. Ukibonyeza vilivyo sahihi na mdomo ukakaa vizuri, sauti inakuja ikiwa karibu na mahali pake. Tromboni haina vitufe. Ina mrija wa kuvuta wenye nafasi saba, na kila nafasi inashusha sauti kwa nusu toni. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni kama sentimita 8 hivi, na kadiri unavyokwenda mbele ndivyo hatua zinavyorefuka. Hakuna alama yoyote kwenye chuma. Hakuna kinachokuambia "hapa simama" ila sikio lako. Mtoto wa miaka 10 mkono wake haufiki nafasi ya saba, mara nyingi hata ya sita haifiki, kwa hiyo huanza na ala nusu, na hiyo nusu nayo ni lazima aitafute kwa kusikia. Ndiyo maana watoto wangu hawapulizi noti ambayo hawajaiimba. Tunakaa kwenye benchi, ala ziko chini, tunaimba do, re, mi. Kisha wanachukua kile kipande cha kuwekea mdomo peke yake na kutetemesha midomo mpaka sauti ile ile waliyoimba itoke. Ndipo tunaunganisha na chuma.

Mwaka wangu wa kwanza sikufanya hivyo. Niligawa ala kwa kimo: warefu tromboni, wafupi tarumbeta, nikidhani mkono mrefu ndio utakaotatua kila kitu. Kijana mmoja mrefu alihangaika miezi minne. Kila akikosea fa, nyuma yake kulikuwa na binti mdogo aliyepewa kazi ya kupanga madaftari ya nota, akiiimba ile fa kwa sauti ya chini, sahihi kabisa. Nilimsikia na bado sikuelewa. Kijana akaacha bendi kwa aibu, na kosa lilikuwa langu tangu siku ya kwanza. Tromboni ilikaa kabatini hadi mwaka uliofuata, ndipo nikampa binti yule. Leo ndiye anayenisaidia kufundisha wadogo.

Kwa hiyo ninaposoma habari za watoto waliopita kwa Sista Ignatius, najua wanachozungumzia wanaposema alikuwa na jicho. Hadithi ya Johnny "Dizzy" Moore inanigusa zaidi. Nyumbani kwao muziki ulikatazwa. Alipojua kwamba Alpha wanafundisha muziki, akajifanya mtundu kusudi apelekwe huko. Fikiria mtoto anayetafuta adhabu ili apate tarumbeta.

Tommy McCook, aliyezaliwa Havana, alipelekwa Alpha na kutoka akiwa na saksafoni. Lester Sterling naye akawa mpiga saksafoni. Don Drummond aliingia mwaka 1943 na kutoka na tromboni. Hawa wanne, McCook, Sterling, Moore na Drummond, ndio walikuwa miongoni mwa waasisi wa Skatalites, bendi ya ska, mwaka 1964, miaka miwili baada ya Jamaika kupata uhuru. Ska ni muziki ambao gitaa na piano hukata kati ya mapigo, huku matarumbeta, saksafoni na tromboni zikibeba wimbo. Kutokana na ska ikaja rocksteady, kisha rege. Wapenzi wa rege hapa kwetu wanamjua Bob Marley tangu utotoni. Ni wachache wanaojua kwamba pumzi iliyofungua njia ile ilifundishwa kwenye kituo cha yatima, uani kwa masista.

Mtu ataniuliza, sasa santuri zilihusika vipi? Kwenye bendi ya Alpha watoto walipiga muziki wa gwaride, nyimbo za kanisa na klasiki, yote kwa kusoma nota. Mtoto aliyehitimu pale aliweza kukaa kwenye okestra ya hoteli au bendi ya jeshi akasoma kinachowekwa mbele yake. Hiyo ni nidhamu ya jicho, na bila hiyo hakuna ajira. Lakini mtu aliyefundishwa jicho peke yake, ukimwondolea karatasi ananyamaza. Ukimwambia apige solo, atakutazama. Anayesikia Jumamosi baada ya Jumamosi jinsi mpigaji wa Kuba anavyochelewesha noti, jinsi wa jazi anavyouvunja wimbo na kuujenga upya, anakusanya maneno ya kusemea. Siku ile studio inapowasha taa, anayo ya kusema. Wahitimu wa Alpha walikuwa na vyote viwili kifuani, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri yao. Joe Harriott alitoka pale, akaenda Uingereza mwaka 1951, na saksafoni yake ikawa miongoni mwa zile zilizofungua jazi huru huko Ulaya. Eddie "Tan Tan" Thornton naye alitoka palepale, na tarumbeta yake imo kwenye rekodi ya The Beatles ya mwaka 1966.

Sitaificha sehemu yenye uchungu. Drummond aliugua akili. Mwanzoni mwa Januari 1965 alimuua mpenzi wake Anita Mahfood, mwimbaji na mcheza dansi, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bellevue, na humo akafariki mwaka 1969. Muziki haukumponya, na sista hakuweza kumfuata kila alikokwenda. Nawaambia wazazi hili pia, kwa sababu wengine huniletea mtoto mwenye matatizo wakitumaini bendi itayamaliza. Bendi itampa mahali pa kukaa, watu wa kumsubiri na saa za kuja. Akiumwa, apelekwe kwa daktari.

Kabla hajafikwa na hayo, Drummond alikuwa amemfundisha Rico Rodriguez tromboni, hapohapo Alpha. Hii ndiyo njia ya kituo kile: mkubwa anamshika mdogo. Rico akahamia Uingereza mwaka 1961, na tromboni yake ndiyo unayoisikia bendi ya Uingereza, The Specials, wanapopiga "A Message to You, Rudy" mwaka 1979. Iweke rekodi hiyo kisha usikilize jinsi tromboni inavyoimba. Ile ni sauti ya mtu aliyejua kuitafuta noti kwa sikio kabla ya mkono.

Mabweni ya Alpha yalifungwa mwaka 2014, lakini mafunzo yanaendelea, na vijana bado wanapuliza shaba palepale. Hapa kwetu sina mitambo yenye jina. Nina spika moja ya parokia, ambayo baba paroko huniruhusu kuitumia Jumamosi saa nane baada ya mazoezi, na sharti langu ni moja: kila juma mtoto mmoja anachagua, na hakuna anayecheka chaguo la mwenzake. Tumeshasikia taarab, Bach, kwaya za Ulyankulu na rumba ya Kinshasa. Jumamosi hii zamu ni ya binti yangu wa tromboni. Kaniambia tunaanza na "Eastern Standard Time" ya Drummond, halafu Mbaraka Mwinshehe, na kwamba wadogo wote lazima waimbe ile sauti ya tromboni kabla hawajaondoka.