Chumvi ina klorini ndani yake, mbona haituui?

Shikamoo daktari. Mimi ni mama lishe hapa Lindi. Mwanangu wa sekondari anasema chumvi ni sodiamu na klorini. Klorini si sumu?

Marahaba, mama. Mwanao kasema kweli. Sodiamu tupu ni metali laini, unaikata kwa kisu, lakini ukiitumbukiza majini inaweza kuwaka na kulipuka. Klorini tupu ni gesi ya kijani-manjano inayounguza mapafu. Ila kilichomo kwenye kopo lako la chumvi si hizo tena.

Kila atomu, yaani chembe ndogo kabisa ya sodiamu au klorini, ina elektroni, vichembe vyenye chaji hasi. Elektroni hizo hukaa kwenye maganda, ganda juu ya ganda kama kitunguu. Ganda la ndani kabisa linajaa kwa elektroni 2. Kwa atomu hizi mbili, utulivu unapatikana ganda la nje likiwa na 8. Sodiamu ina 2, 8, halafu 1 imebaki nje peke yake. Klorini ina 2, 8, 7. Huyu ana moja inayomkera, yule kapungukiwa moja. Wakikutana, sodiamu inatoa, klorini inapokea, na kila mmoja anabaki na 8. Aliyetoa ana chaji chanya, aliyepokea ana hasi, basi wananasana. Fujo yote ilikuwa ya elektroni moja.

Na jua la kwenye majaruba ya chumvi halifanyi kazi hiyo, linakausha maji tu. Makabidhiano yalishafanyika zamani, kabla maji hayajaingia majarubani.

Kwa hiyo nitie tu mchuzini?

Taratibu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, ukihesabu na ile ya kwenye ng'onda. Sodiamu iliyotulia haikuunguzi, lakini ikizidi inapandisha presha. Tena chumvi ya majaruba haina madini joto ya kutosha mpaka yaongezwe, na upungufu wake huleta goita.

Na klorini ya kusafishia choo?

Hiyo ndiyo ya kuogopa. Ukichanganya dawa ya madoa yenye klorini na dawa ya choo yenye asidi, gesi inatoka. Humo atomu mbili za klorini zinachangia jozi moja ya elektroni, kila moja ikijihesabia 8. Ushirika wenyewe legelege: ikigusa unyevu wa macho na koo, klorini inaanza kunyang'anya elektroni za mwili wako na asidi inatengenezwa hapohapo. Ukisikia harufu kali, toka nje, mlango uache wazi, na usirudi kufuata ndoo. Kifua kikibana, nenda hospitali.