Mji wa ngome ni nini? Tuutazame mji wa Ani

Wengi wetu tukisikia ngome tunafikiria jengo moja la kijeshi kama Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mji wa ngome ni zaidi ya hapo. Ni mji mzima, wenye soko, nyumba za ibada, karakana na makazi ya raia, uliowekwa ndani ya kuta ili watu na mali zao vilindwe pamoja. Gedi, karibu na Malindi, nayo ilikuwa na kuta za namna hiyo, lakini mfano unaoieleza dhana hii vizuri kuliko yote ninayoijua ni Ani.

Magofu ya Ani yako mkoa wa Kars, mashariki mwa Uturuki, mpakani kabisa na Armenia. Mwaka 961 mfalme Ashot III wa Waarmenia alipafanya makao makuu yake, na ukiangalia ardhi yenyewe unaelewa kwa nini. Mashariki kuna bonde refu la mto Akhurian, magharibi kuna korongo jingine, na yote mawili yanakutana kusini. Adui alibakiwa na upande mmoja tu wa kuingilia kwa urahisi, kaskazini. Huko ndiko mfalme Smbat II alikojenga kuta mbili sambamba zenye buruji nene za mviringo.

Tazama Lango la Simba. Ukishapita lango la nje, hukutani na lango la ndani moja kwa moja. Mbele yako kuna ukuta wenye simba aliyechongwa juu ya jiwe, na inabidi ugeuke upite katikati ya kuta mbili ndipo uingie mjini. Kwa mgeni huo ni mzunguko mdogo. Kwa askari anayeshambulia, ni kuuonyesha ubavu wake kwa walinzi walio juu.

Hata hivyo Ani ilitekwa, tena si mara moja. Wabizanti, yaani dola ya Warumi wa Mashariki, waliupata mwaka 1045, na chanzo chake kilikuwa ahadi: mfalme Hovhannes-Smbat alikuwa ameuahidi mji kwa kaisari wao baada ya kifo chake. Mwaka 1064 Sultani Alp Arslan wa Waseljuki, ukoo wa watawala wa Kituruki, aliuzingira akauteka, watu wengi wakauawa. Wakaja watawala Wakurdi wa ukoo wa Shaddad, kisha majeshi ya Georgia, na mwaka 1236 Wamongolia.

Kinachonishangaza ni kwamba baada ya mapigo kadhaa ya hayo mji uliinuka tena. Sababu ni biashara. Misafara iliyopita kati ya Uajemi, Kaukazi na bandari za Bahari Nyeusi ilipumzika hapa, ikauza na kununua. Mwaka 1215, zaidi ya miaka 150 baada ya Alp Arslan, mfanyabiashara Tigran Honents alijenga kanisa la Mtakatifu Gregori kwa fedha zake, na maandishi marefu ukutani yanataja mali alizoliwekea wakfu. Raia wa kawaida, si mfalme, anajenga kanisa la kuchorwa picha ndani kote! Hapo ndipo utajua mji ulikuwa na uhai.

Tetemeko la mwaka 1319 liliuumiza vibaya, na misafara ikazidi kuhamia njia nyingine. Soko likikosa wateja, mafundi huondoka; mafundi wakiondoka, kuta hazina wa kuzikarabati. Hakuna jeshi lililohitajika tena. Kufikia karne ya 18 Ani ilikuwa imehamwa.

Kanisa kuu lililosanifiwa na Trdat, fundi aliyelitengeneza kuba la Hagia Sophia, kanisa kuu la Konstantinopoli (Istanbul ya leo), baada ya tetemeko la 989, bado limesimama, ila halina kuba. Kanisa la Mkombozi lilipasuka katikati mwaka 1957, nusu ikaanguka. UNESCO iliiingiza Ani katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2016, na kazi ya kuyaegemeza majengo yaliyobaki inaendelea.